Barua Iliyobaki Sandukuni

Somo: Warumi 16:1–16

Leo twataka kusema nanyi mliofika Nairobi si siku nyingi zilizopita, mkapata mahali pa kulala upande huu wa mashariki ya mji tunaouita Eastlands. Labda mmepanga chumba Kayole au Umoja; labda mmekaribishwa na mjomba Bahati, au na shangazi Dandora. Twataka kuwajulisha kanisa la Presbyterian lililo karibu nanyi, na watu wake. Na ninyi mliozaliwa hapa, msifikiri kwamba neno la leo si lenu. Lina upande wenu pia, na huenda upande wenu ukawa mzito kuliko ule wa wageni.

Tuanze na habari ya kijana mmoja. Hatutalitaja jina lake, wala hatutautaja ushirika wenyewe. Kijana huyu alitoka upande wa Chogoria akaja Nairobi kutafuta kazi. Siku aliyowaaga watu wa kwao, mzee wa kanisa alimkabidhi barua yenye muhuri. Barua ilisema kwamba ndugu huyu amebatizwa, hushiriki Meza ya Bwana, hana lawama katika ushirika wake, na kwamba ndugu wa Nairobi wampokee kama mmoja wao. Kijana akaikunja, akaiweka ndani ya sanduku lake chini ya nguo, akapanda gari.

Jumapili ya kwanza alikuja kanisani kwetu, akaketi benchi la nyuma. Ibada ilikuwa njema. Kisha yakaja matangazo, na sisi tukasahau kwamba tuko Nairobi. Tukasema Kikuyu, tena kwa haraka, pamoja na mizaha ya watu wanaojuana tangu utotoni. Kijana alifahamu nusu. Watu walipocheka, yeye alitazama chini. Mlangoni alipewa mkono, na mkono huo ukamwacha upesi ukamshike mwingine. Jumapili ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu pia. Jumapili ya nne hakuja, wala hakuna aliyeuliza. Tungemuulizia vipi? Jina lake halikuwa katika kitabu chetu chochote.

Ilipita miezi saba. Usiku mmoja jirani, ambaye wala si mtu wa kanisa letu, alibisha mlangoni kwa mzee wetu mmoja. Alisema, "Mzee, kwenye ploti yetu kuna kijana mgonjwa sana. Hana mtu. Nimesikia ninyi ni watu wa kanisa." Mzee akaenda, akamkuta kijana amelala na homa ya mapafu, hata maji ya kunywa hana. Wakamwinua wakampeleka hospitali. Mzee alipofungua sanduku ili amtafutie shati safi, aliiona ile barua. Ilikuwa imekunjwa vile vile, na muhuri wake ungali unasomeka. Mzee akaisoma akiwa amesimama, na aliposoma yale maneno ya mwisho, kwamba ndugu wa Nairobi wampokee, akaketi kitandani.

Kijana alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini wapendwa, kosa lilikuwa letu. Lilikuwa lake pia kidogo, kwa maana barua haisemi neno ikiwa imefungiwa sandukuni. Lakini lilikuwa letu zaidi, kwani sisi ndio tulioandikiwa.

Sasa tazameni somo letu. Mtume Paulo amemaliza kuandika mambo makubwa ya imani kwa kanisa la Rumi. Katika sura ya mwisho afanya nini? Anamwombea mgeni nafasi. Kuna mama mmoja aitwaye Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, anasafiri kwenda Rumi. Wengi husadiki kwamba ndiye aliyeichukua barua hiyo mikononi mwake. Paulo awaomba Warumi wampokee kama inavyowapasa watakatifu, na wamsaidie katika jambo lolote atakalohitaji. Kisha awasalimu watu wengi, mmoja mmoja, kwa majina yao. Sisi tukifika hapo huruka haraka, tukidhani ni orodha tu. Kumbe orodha hiyo ndiyo kanisa. Rumi ulikuwa mji mkuu, wenye watu wa kila taifa, na katika mji wa namna hiyo Mkristo asiyejulikana jina aweza kufa njaa karibu na Mkristo mwenziwe.

Basi, mgeni mpendwa, kanisa letu ni la namna gani? Jina lake ni Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, ambalo wengi hulitaja kwa herufi tu, P.C.E.A. Neno hilo Presbyterian latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mzee. Kwetu hakuna askofu. Kila ushirika una wazee waliochaguliwa na washiriki na kuwekwa wakfu, ambao huketi katika baraza pamoja na mchungaji. Juu ya baraza la ushirika kuna baraza la parishi, kisha Presbiteri, kisha Mkutano Mkuu wa kanisa zima, na anayeuongoza huitwa Moderator.

Lakini jambo linalokuhusu wewe leo ni hili. Ushirika hugawanywa katika wilaya ndogo ndogo kufuatana na mahali watu wanapokaa, na kila wilaya ina wazee wake. Kwa hiyo mzee wa kanisa si mtu wa kuvaa suti na kushika sahani ya sadaka tu. Amepewa nyumba za kuangalia. Apaswa kujua ni nani mgonjwa katika ploti ile, ni nani amefutwa kazi, ni mtoto wa nani ameacha shule. Kama hujamjua mzee wa wilaya yako, bado hujaliona kanisa letu, hata kama umekaa ndani ya jengo lake mwaka mzima.

Wala usidhani kwamba sisi ni wenye mji na wewe peke yako ndiwe mgeni. Kanisa hili lenyewe lilianza likiwa mgeni. Wamisionari wa Scotland walifika Kibwezi, katika nchi ya Ukambani, mwaka 1891. Homa ikawapiga, baadhi yao wakafa, na kazi haikukua. Mwaka 1898 wakahamia Thogoto, katika nchi ya Wakikuyu, na wenyeji wa pale wakawapa mahali. Kutoka Thogoto Habari Njema ikaenda Tumutumu, kisha Chogoria. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji ukaanza kukua, nao vijana wa misheni wakashuka mjini kutafuta mshahara. Wakaja na Biblia zao na barua zao, kama yule kijana wetu.

Serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika awe mwenyeji wa mji huu. Ilimtaka awe mfanyakazi tu, alale, aamke, afanye kazi, kisha arudi kwao. Ndiyo maana mitaa ya Waafrika iliwekwa upande huu wa mashariki, karibu na reli na viwanda: Pumwani kwanza, kisha Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati na mingine. Vyumba vingi vilijengwa kwa wanaume wasio na familia, na mtu alihesabiwa kitanda badala ya nyumba. Wazee wetu walijifunza kusali ndani ya vyumba hivyo. Baada ya uhuru ikaja mitaa mipya, hasa katika miaka ya 1970: Buru Buru, Umoja, na Dandora iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kila mtaa ulipojaa watu, ushirika ulizaliwa, mara nyingi chini ya mti au katika darasa la shule. Na siku hizi, pale Pangani nyumba za zamani za halmashauri zimebomolewa na maghorofa yamesimama mahali pake. Wageni wangali wanakuja.

Twataka kuwapeleka kidogo Bahati, kwa maana huko kuna ushirika wetu wa siku nyingi wenye jina linalowashangaza wageni. Unaitwa Bahati Martyrs, yaani Mashahidi. Jina hilo laturudisha katika miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba mwaka 1952 na kudumu mpaka mwaka 1960. Katika miaka hiyo walikuwako Wakristo waliokataa kula kiapo, wakisema kwamba wamekwisha kunywa kikombe cha Bwana na hawawezi kunywa kingine. Baadhi yao waliuawa kwa ajili ya neno hilo.

Lakini hatutasema nusu ya habari. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya serikali ya kikoloni yaliuzingira mji wa Nairobi. Operesheni hiyo iliitwa Anvil, yaani fuawe la mhunzi. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nyumbani mwao mtaa kwa mtaa, wakapangwa mistari, wakachujwa. Zaidi ya watu 20,000 walitiwa kizuizini bila kuhukumiwa na mahakama, wakapelekwa katika kambi kama Langata, Mackinnon Road na Manyani. Wengi wa wale waliobaki mjini walikusanywa katika mitaa michache, na Bahati ulikuwa mmojawapo, nao wakakaa nyuma ya nyaya za miiba.

Basi fikirini Jumapili ya siku zile. Katika benchi moja aliketi mjane ambaye mumewe aliuawa kwa kukataa kiapo. Katika benchi lililofuata aliketi mama ambaye mumewe alichukuliwa na lori la askari na hakujua yuko kambi gani. Mara nyingine wawili hao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Nani angeweza kuwahubiria? Kanisa halikuwa na maneno rahisi. Liliwaombolea waliouawa, na walikuwako ndani yake waliothubutu pia kusema juu ya dhuluma ya wenye mamlaka. Mwaka 1955 mchungaji wa kanisa la St Andrew's hapa Nairobi, David Steel, alihubiri mahubiri yaliyosikika redioni akiikemea serikali kwa maovu yaliyotendwa chini ya mamlaka yake. Na mwaka 1956, hali ya hatari ikiwa haijaisha, ushirika wa Wazungu wa St Andrew's na kanisa la Waafrika viliungana vikawa kanisa moja.

Sasa rudini tena Warumi 16. Baada ya Fibi, Paulo awasalimu Priska na Akila. Hawa ni nani? Matendo ya Mitume sura ya 18 yatuambia kwamba Kaisari Klaudio alikuwa ameamuru Wayahudi wote waondoke Rumi, na mume na mke hawa wakafukuzwa pamoja na wengine. Walifukuzwa kwa sababu ya kabila lao. Miaka ikapita, wakarudi katika mji ule ule. Je, walirudi wakafunga mlango wao? La! Paulo asema kanisa lilikutana nyumbani mwao. Aliyejua uchungu wa kufukuzwa ndiye aliyefungua nyumba.

Wapendwa, hapo ndipo tunapojifunza maana ya jina la ule ushirika wa Bahati. Kwa Kiswahili chetu shahidi ni yule aliyekufa kwa ajili ya imani, na shahidi pia ni yule asimamaye mbele ya hakimu akasema, "Huyu namjua. Niliyaona haya kwa macho yangu." Kiyunani nacho ni hivyo hivyo, neno ni moja. Si wengi wetu tutakaoitwa kufa. Lakini kila mmoja wetu ameitwa kusema juu ya mwenziwe, "Huyu namjua." Kanisa ambalo laheshimu mashahidi waliokufa, na halina hata mtu mmoja wa kumshuhudia mgeni aliye hai, limeshika nini? Limeshika jina tu.

Tena jambo hili si la zamani tu. Mwaka 1969 viapo vya kikabila vilirudi, na makanisa yakasimama kuvikemea. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, majirani wa Mathare, Huruma na Dandora waliogopana na wengine wakakimbiana. Wakati wa namna hiyo mtu huulizwa jina lake ili ijulikane ametoka wapi. Kanisa nalo lapaswa kumuuliza mtu jina lake, lakini kwa sababu nyingine kabisa: ili aandikwe, atembelewe, na aombewe.

Sasa, mgeni, ufanye nini? Tutakuambia waziwazi. Kwanza, njoo ibadani Jumapili. Katika shirika zetu nyingi za Eastlands kuna ibada ya Kiswahili na ya Kiingereza, na mahali pengine ya Kikuyu pia. Chagua ile utakayoielewa, usione haya. Wageni wakiombwa wasimame, simama, useme jina lako na mtaa unaokaa. Pili, itoe ile barua sandukuni umpe mzee au karani wa baraza. Kama huna barua, usiogope. Mwambie ulikotoka, nasi tutaandika kuuliza. Tatu, uliza, "Mzee wa wilaya yangu ni nani, na ibada ya nyumbani hufanyika wapi?" Swali hilo moja litakufaa kuliko mengi.

Kama hujabatizwa, kuna darasa la mafundisho, na hatuharakishi mtu. Watoto wako wana shule yao ya Jumapili. Mvulana wako akipenda ngoma na gwaride aweza kuingia Boys' Brigade, na msichana Girls' Brigade. Akina baba wana ushirika wao, na vijana wao. Akina mama wana Woman's Guild, iliyoanza katika kanisa letu mwaka 1922. Ukiwaona wanaelekea kwa mgonjwa wakiwa na vikapu, ujue hapo kanisa linatembea.

Utasikia pia neno Jitegemea. Mwaka 1971 John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wetu, aliwaambia ndugu zetu wa Marekani kwamba wakati umefika wa kusitisha kutuma wamisionari na fedha, ili kanisa la Afrika lijifunze kusimama kwa miguu yake. Wengi walishtuka. Lakini kujitegemea si kusema kila mtu ajitegemee peke yake. Ni kusema kwamba sisi kwa sisi tutachukuliana. Msiba ukikupata hapa mjini, watu wa wilaya yako watakuja jioni baada ya jioni, wataimba, wataomba, na watachanga shilingi mpaka mwili wa mpendwa wako ufike nyumbani. Nawe utachanga mwenzako atakapofiwa. Haidhuru una kidogo. Usingoje upate kazi nzuri ndipo ujiunge na kanisa. Wengi wamesema, "Nitakwenda nikipata nguo," na miaka kumi ikapita.

Nanyi washiriki wa siku nyingi, neno lenu ni fupi. Jumapili hii kabla ya kumtafuta rafiki yako mlangoni, tazama benchi la nyuma. Yuko mtu pale. Usimpe mkono tu. Muulize jina lake, anakaa wapi, na alikula wapi jana. Matangazo yasomwe katika lugha ambayo kila aliyemo aielewa. Nanyi wazee wenzetu, tufungue vitabu vyetu vya wilaya. Je, ni lini tulipoandika jina jipya? Bwana wetu amekwisha kusema kwamba siku ile atajitambulisha kwetu kama mgeni, naye atauliza kama tulimkaribisha. Hatutaweza kujibu kwamba hatukuiona barua.

Yule kijana wa Chogoria yungali nasi. Barua yake iliandikwa kitabuni siku alipotoka hospitali. Hivi leo akiwa kanisani huketi benchi la nyuma, ingawa mbele pana nafasi. Tulipomuuliza sababu, alisema kwamba wageni huketi huko.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyemwita Ibrahimu atoke kwao, na ambaye Mwana wako alikosa mahali pa kulaza kichwa, wakumbuke wote waliolala jana katika vyumba vya mji huu bila mtu wa kuwaita kwa majina. Wape ujasiri wa kubisha, nasi utupe masikio ya kusikia. Utusamehe kwa ajili ya wale tuliowaacha wapite. Ufanye nyumba zetu za Eastlands kuwa kama nyumba ya Priska na Akila. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.